Alipooza, Majirani Wakamfundisha Kusema

Wengi wetu tumekwisha kuona mtu mzima, mwenye nguvu zake, akianguka ghafula: mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki, na akitaka kusema hutoka sauti tu, si neno. Hicho ndicho kiharusi. Si pepo wala si kurogwa. Mshipa wa damu ndani ya ubongo umeziba, au umepasuka, na sehemu ya ubongo iliyokosa damu yaanza kufa. Ubongo wa kushoto hutawala mwili wa kuume, tena kwa watu wengi ndio makao ya lugha; kwa hiyo aliyepooza upande wa kuume mara nyingi hupoteza na maneno pia.

Siku ile ya kwanza hakuna shauri refu: apelekwe hospitalini upesi, wala asinyweshwe kitu njiani, maana koo nalo laweza kuwa limepooza. Lakini sisi leo twataka kusema hasa habari za siku zile nyingi zinazofuata, mgonjwa akisha kurudishwa nyumbani.

Katika Marekani alikuwako mchezaji wa sinema mwenye sifa kubwa, jina lake Patricia Neal. Mwezi wa Februari 1965, umri wake ukiwa miaka 39, naye ni mja mzito, alikuwa akimwogesha binti yake alipopatwa na maumivu makali ya kichwa. Mishipa ilikuwa imepasuka. Waganga walimpasua kichwa saa nyingi. Akalala kama majuma matatu bila fahamu. Alipoamka, upande wa kuume ulikuwa umepooza, na maneno hayakuwako.

Mumewe, mwandishi Roald Dahl, alimrudisha Uingereza, katika kijiji chao cha Great Missenden. Hapo ndipo lilipotokea jambo tunalolistaajabia. Dahl aliwaita majirani na marafiki, akawapangia zamu. Huyu alikuja kusoma naye, yule kuhesabu, mwingine kucheza naye michezo ya kutafuta maneno. Hawakuwa waganga. Baadaye jirani mmoja, Valerie Eaton Griffith, asiyekuwa na elimu yo yote ya uganga, aliishika kazi hiyo kwa muda mrefu, siku kwa siku. Mumewe alikuwa mkali: hakupenda mkewe apewe kitu kabla hajajaribu kukitaja mwenyewe. Wengine walimlaumu kwa ukali huo, na mgonjwa mwenyewe alikasirika mara nyingi, hata akakata tamaa. Hatusemi nyumba ile ilikuwa paradiso; ndoa ile ilivunjika mwaka 1983.

Lakini mwezi wa Agosti 1965 alijifungua salama mtoto wa kike. Mwaka 1967 alisimama New York mbele ya watu wengi, akahutubu. Sinema aliyoicheza mwaka 1968 ilimfanya ahesabiwe tena miongoni mwa wachezaji walioshindania tuzo kubwa ya Oscar. Alichechemea mpaka mwisho, akafa mwaka 2010, akiwa na miaka 84. Naye Griffith aliandika kitabu juu ya kazi ile, na katika Uingereza watu wa kujitolea wakaanza kuwazuru wagonjwa wengine kwa namna hiyo hiyo.

Wanafunzi mnaosoma habari hizi mnalijua jina la Louis Pasteur. Yeye naye alipooza upande wa kushoto mwezi wa Oktoba 1868. Wanafunzi wake walimlinda kwa zamu, wakaandika maneno aliyoyatamka kitandani. Chanjo ya kichaa cha mbwa, iliyomwokoa kijana Joseph Meister mwaka 1885, ilikuwa bado mbele yake.

Sasa tuingie nyumbani kwetu. Watu hatukosi: nyumba imejaa wana, wajukuu, wakwe, na jirani hawangojei kualikwa. Upendo nao upo. Ila tumeona mara nyingi namna unavyotumika. Baba aliyekuwa akihukumu mashauri ya ukoo sasa analishwa kama mtoto mchanga, hata kwa mkono ule ulio mzima. Mgeni akimwuliza hali, mke hujibu, binti hujibu, hata mjukuu hujibu, yeye hangojewi. Kwa kuwa haongei, wanamdhania hasikii, na wanazungumza habari za urithi wake mbele ya macho yake! Naye anasikia. Wengi wa wagonjwa hao akili zao ni nzima. Lililofungwa ni neno tu.

Basi, keti mbele yake, mwulize neno moja, kisha nyamaza. Ngoja zaidi ya unavyozoea. Mwonyeshe jembe, kinu, mtungi, akitaje. Mkono mgonjwa usiuvute ukimwinua. Ale akiwa ameketi wima, kidogo kidogo. Dawa ya shinikizo la damu, akiagizwa na mganga, anywe kila siku, hata akijiona mzima.

Tena kuna jambo ambalo parokia zetu zaweza kulitumia kuliko kijiji kile cha Uingereza. Mtu aliyepoteza usemi mara nyingi huweza bado kuimba wimbo aliouzoea, au kufuata sala aliyojifunza utotoni, kwa maneno yaliyo wazi kabisa. Waimbaji wa parokia wasimwimbie tu, waimbe pamoja naye, na baada ya wimbo wamwulize jina la mmoja wao. Mwanafunzi atokaye shuleni saa tisa aweza kumsomea nusu saa, akiacha neno la mwisho la mstari ili mzee alimalize.

Na zamu ipangwe hata kwa ajili ya mke. Yeye ndiye amgeuzaye usiku ili ngozi isichubuke, amwogeshaye, amfuliaye. Mara nyingi hajaliona shamba lake tangu mumewe alipoanguka. Jirani wawili wakishika siku ya Jumanne na ya Alhamisi, atapata kwenda kulima mihogo.