Ruzuku za Mafunzo ya Kazi na Hila za Hesabu

Aghalabu mtu asikiapo kwamba fedha za serikali zimeliwa, hudhani palikuwa na mwizi aliyevunja kasha usiku akatokomea na mfuko. Lakini katika ruzuku za mafunzo ya kazi zipewazo asasi zisizotafuta faida, hasa huko Marekani ambako mambo haya yamekaguliwa na kuandikwa kwa urefu, fedha nyingi zimepotea mchana kweupe, kwa mikataba iliyotiwa sahihi na pande zote mbili.

Desemba 1973 Rais Richard Nixon alitia sahihi sheria iitwayo CETA, iliyozipa serikali za miji na wilaya fedha za kuwafunza na kuwaajiri wasio na kazi, nazo zikagawia baadhi ya fedha hizo vyama vya mitaa. Magazeti yakajaa habari za ndugu na wapambe wa wanasiasa waliopewa nafasi zilizokusudiwa mafakiri, na ingawa Bunge la nchi hiyo lilikaza masharti mwaka 1978, mpango wenyewe haukudumu. Mwaka 1982 ukaja mwingine, JTPA.

Hapo ndipo hila zilipoingia ufundi. Sheria ilisema gharama za uendeshaji zisizidi asilimia 15 ya fedha, kwa dhana kwamba zilizobaki zingemfikia mwanafunzi. Ila iliruhusu pia mkataba wa bei moja, ambao ndani yake gharama zote, pango na mishahara ya wakubwa ikiwemo, zilihesabiwa kuwa ni mafunzo, madhali mwanafunzi amepata kazi. Kadhalika mwajiri aliyemfundisha mtu kazini alirudishiwa nusu ya mshahara wa mwanafunzi huyo, na wakaguzi wa Bunge, katika ripoti yao ya mwaka 1991, walikuta mikataba ya muda mrefu kupita kiasi kwa kazi nyepesi, na wanafunzi wengine wakifundishwa kazi waliyokwisha kuifanya zamani. Nani basi alisaidiwa, kama si mwajiri aliyepata vibarua kwa nusu bei?

Na kwa kuwa malipo yalifuata idadi ya walioajiriwa, ilikuwa faida kuchagua wale ambao wangepata kazi hata bila msaada, na kumwacha mlangoni asiyejua kusoma. Jambo hili si wizi kwa mujibu wa sheria, lakini kwangu mimi ni hiyana kubwa kuliko ya karani mdogo anayezitoza ruzuku mbili kodi ya chumba kimoja, ambaye pengine hakufundishwa kutenga hesabu, naye ndiye mhasibu, mpokea wageni na mfagizi wa ofisi.

Wizi wa wazi nao upo: majina ya wanafunzi hewa, na daftari la mahudhurio ambalo sahihi zake zote za mwezi mzima zimeandikwa kwa kalamu moja na mkono mmoja, hata siku za sikukuu.

Mwaka 1992 sheria ilirekebishwa, mafunzo ya kazini yakawekewa mpaka wa miezi 6. Lakini sheria peke yake haitoshi, na mkaguzi hodari hatosheki na stakabadhi. Humtafuta mwanafunzi mwenyewe, akamwuliza alifundishwa nini, na nani, na leo anafanya kazi wapi.