Kwa nini radi moja huua watu wengi? Jibu limo katika hesabu ya volti

Mwezi Juni mwaka 2011, radi iliipiga Shule ya Msingi Runyanya, wilayani Kiryandongo nchini Uganda, ikawaua wanafunzi 18 pamoja na mwalimu. Mwezi Novemba mwaka 2024, watu 14 walipoteza maisha katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa nchi hiyo hiyo, walipokuwa wamekusanyika kwa ibada. Kila yanapotokea maafa ya namna hii, watu hujiuliza: yawezekanaje radi moja iwaangushe wengi kwa mara moja? Sehemu kubwa ya jibu imo katika hesabu wanayofundishwa wanafunzi wa sekondari, hesabu ya mabamba mawili ya chuma yaliyotiwa umeme.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mabamba mawili bapa, yaliyowekwa sambamba, yakitenganishwa na hewa ya milimita 5. Moja limeunganishwa na ncha chanya ya chanzo cha umeme cha volti 100, na jingine na ncha hasi. Bamba hasi tulihesabu kuwa ni volti sifuri.

Kati ya mabamba hayo, potenshali ya umeme hupanda sawasawa, mfano wa mlima wenye mteremko usiobadilika. Ili kuupata ukali wa mteremko huo, tunagawanya volti kwa umbali: volti 100 kwa milimita 5 ni volti 20 kwa kila milimita, yaani volti 20,000 kwa mita. Basi mahali palipo milimita 2 kutoka bamba hasi, potenshali ni volti 40. Kwenye milimita 4 ni volti 80. Kanuni ni moja tu: tofauti ya volti kati ya nukta mbili ni ukali wa mteremko mara umbali uliopo kati yake.

Hewa huuvumilia mteremko huo hadi kiwango fulani. Hewa kavu ya kawaida hushindwa inapofikia takriban volti milioni 3 kwa mita. Kwa mabamba yetu, hiyo ni volti 15,000. Hapo cheche huruka.

Kutoka mabamba hadi mawinguni

Wingu la mvua ya radi na ardhi iliyo chini yake hufanana na mabamba hayo, ijapokuwa si bapa wala sambamba kikamilifu. Aghalabu sehemu ya chini ya wingu huwa na chaji hasi, nayo ardhi hukusanya chaji chanya. Mteremko ukiwa volti 10,000 kwa mita, na wingu likiwa mita 1,000 juu, tofauti yake ni volti milioni 10.

Lakini hatari haiishii pale radi inapotua. Umeme ukishaingia ardhini husambaa pande zote, na udongo wenyewe huwa na mteremko wa volti, mkali karibu na pigo na hafifu kadiri unavyokwenda mbali. Tuseme mahali fulani mteremko huo ni volti 1,000 kwa mita. Mtu aliyetanua miguu kwa sentimita 70 ana volti 700 kati ya mguu na mguu. Aliyeibana miguu ikaachana kwa sentimita 10 ana volti 100 tu. Ng'ombe, ambaye miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana kwa mita moja na nusu, ana volti 1,500, na umeme huo hupita karibu na moyo wake. Ndiyo maana kundi zima la mifugo huweza kufa chini ya mti mmoja, na umati wa watu kujeruhiwa bila kila mmoja kupigwa moja kwa moja.

La kufanya

Ngurumo ikisikika, ingia katika jengo imara lenye nyaya za umeme na mabomba, au ndani ya gari lenye paa la chuma, usubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Hema, banda na kivuli cha mti si kinga. Ukikosa pa kujihifadhi, jitenge na wenzako na ubane miguu. Hilo hupunguza hatari, haliiondoi.

Hesabu hiyo hiyo yahusu waya wa umeme ulioanguka. Usiusogelee. Ukijikuta karibu nao, ondoka kwa kuburuta miguu hatua fupi fupi, bila kuinyanyua.

Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Ni salama kumgusa, na kumsukuma kifua mapema kwaweza kumwokoa ambaye moyo wake umesimama.