Namba ya mshindani, chanzo cha ubishi katika mbio za baiskeli za ridhaa

Waendesha baiskeli watano wanapofika kwa pamoja kwenye mstari wa kumalizia, karani wa mbio huwa na sekunde chache tu za kutambua nani ni nani. Wote wameinama juu ya usukani, jezi zimejaa vumbi, na watazamaji wamesogea hadi katikati ya barabara. Akikosea kusoma tarakimu moja, aliyeshika nafasi ya tatu huondoka mikono mitupu, na zawadi yake humwendea mwingine.

Katika nchi jirani ya Tanzania, wakazi wa Kanda ya Ziwa, hasa mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Simiyu, hutumia baiskeli kubebea maji, magunia na hata abiria. Mbio za huko huwavutia vijana wasio na klabu wala leseni, na baadhi yao hushindana kwa baiskeli ileile waliyobebea mizigo jana yake. Kwa mshindani wa namna hiyo fedha ya zawadi ni mtaji, na kosa la karani si jambo la kusameheana kwa tabasamu.

Sehemu kubwa ya makosa hayo hutokana na kuazima utaratibu wa mbio za miguu. Mkimbiaji hubandikwa namba kifuani, naye hufika amesimama wima, kifua mbele. Mwendesha baiskeli hufika ameinama, na namba ya kifuani hutazama lami. Waliotazama mashindano ya dunia ya mbio za barabarani mjini Kigali, Septemba 2025, ambayo yalikuwa ya kwanza kufanyika barani Afrika, waliona namba mbili zikiwa zimebandikwa chini ya mgongo, kila moja ikielekea ubavu wake, na kibao kidogo kwenye fremu ya baiskeli. Kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo huo, UCI, hutaka karatasi ya mgongoni iwe na kimo cha sentimita 18 na upana wa sentimita 16, na tarakimu ziwe na kimo cha sentimita 10.

Waandaaji wa mbio za ridhaa hawahitaji fedha nyingi kuufuata mfano huo. Wanahitaji kwanza kuzuia jina la mdhamini lisimeze namba, kwani mdhamini hunufaika zaidi na matokeo yasiyo na ugomvi kuliko maandishi makubwa. Rangi moja kwa wanaume, nyingine kwa wanawake na nyingine kwa vijana humwezesha karani kujua kundi la mshindani hata kabla ya kusoma tarakimu. Tarakimu 6 na 9 zipigiwe mstari chini, kwa sababu 16 ikigeuzwa juu chini husomeka 91. Pini nne za pembeni pekee huiacha karatasi ikipepea kama bendera. Bora ziongezwe, na mshindani akatazwe kuikunja ili kukwepa upepo.

Kuna wanaoamini kwamba chipu ya kielektroniki, ile inayofungwa kwenye uma unaoshika gurudumu la mbele, imemaliza kazi hiyo yote. Haijaimaliza. Mpangilio wa wanaofika hupimwa kwa ukingo wa tairi la mbele unapogusa mstari, ilhali chipu hupima mahali ilipofungwa, na mahali hapo hutofautiana kati ya baiskeli na baiskeli. Isitoshe, katika mbio za ridhaa mtu akipata pancha huazima baiskeli ya rafiki na kuendelea. Chipu yake hubaki kichakani pamoja na gurudumu bovu, na kibao cha fremu humtaja mtu mwingine. Namba iliyo mwilini ndiyo inayofika pamoja na mshindani.

Simu iliyofungwa imara juu ya kigoda, sambamba na mstari, inaweza kurekodi kila anayefika, huku mtu mmoja akizisoma namba kwa sauti na mwingine akiandika. Pale wanapozunguka mtaa mara kadhaa, orodha ya kila mzunguko huzuia aliyeachwa nyuma kwa mzunguko mzima kuhesabiwa miongoni mwa washindi. Matokeo yabandikwe kwanza, pingamizi zisikilizwe, kisha zawadi zitolewe. Fedha iliyokwisha kukabidhiwa hairudishwi kwa urahisi.

Hata hivyo namba iliyosomeka vizuri haisaidii kitu ikiwa daftari linasema uongo. Kijana hupewa namba ya kaka yake aliyejiandikisha na kuugua asubuhi ya mbio, na hakuna anayemuuliza. Kitambulisho kikaguliwe wakati wa kugawa namba, na upande wa nyuma wa karatasi uandikwe jina, simu ya ndugu na maradhi yanayohitaji tahadhari. Mshindani akianguka mteremkoni na kupoteza fahamu, mara nyingi hana mfukoni kitu kingine cha kumtambulisha, na namba ya kuazima huweza kumpelekea msiba mama asiyehusika. Kwa hiyo nakala ya orodha inapaswa kuwa ndani ya gari linalomfuata mshindani wa mwisho, si kwenye meza ya kuanzia, kilomita 80 kutoka pale alipoangukia.