Kabla hujanunua injini nyingine, jua ya kwanza iliuawa na nini

Kila mwaka mpunga unapoanza kutoka mashambani, gereji za Ifakara hujaa. Pikapu iliyovumilia masika nzima kwenye tope la Mngeta inapakiwa magunia, inapanda nayo mlima wa Mahenge, kisha inarudi mjini ikivutwa kwa kamba. Fundi anafungua boneti, anapiga starti mara mbili, anasikiliza. "Mzee, injini imekwisha hii. Tafuta nyingine." Mwenye gari ana mzigo wa watu unaomsubiri, hivyo anashika simu na kuanza kuulizia bei Dar es Salaam.

Namwomba aiweke simu chini kwanza. Injini haifi bila sababu, na mara nyingi sababu hiyo haiko ndani ya injini yenyewe. Iko kwenye rejeta, kwenye mpira wa hewa, kwenye feni. Injini mpya ikifungwa, sababu ile ile inaikuta pale pale, na fedha ya msimu mzima inakwenda mara ya pili.

Wauaji watatu wa bonde letu

Wa kwanza ni vumbi. Injini ya dizeli ya lita 4.2, kama 1HZ iliyomo kwenye Land Cruiser nyingi za "mkonga", ikizunguka mara 2,000 kwa dakika huvuta hewa karibu lita 4,000 kila dakika. Hewa yote hiyo hupita kwenye ea klina moja. Ikiwa klipu ya mpira wa hewa imelegea, au kichujio kimepigwa upepo wa kompresa hadi kikatoboka, vumbi laini huingia ndani, huchanganyika na oili na kuwa msasa. Ringi zinalika, silinda zinapanuka, gari linaanza kula oili. Lami imepunguza vumbi kwenye barabara kuu, lakini mpunga hautoki kwenye lami.

Wa pili ni joto. Pumba, mbegu za nyasi na tope hujipachika katikati ya mapezi ya rejeta hadi upepo usipite. Ndani nako, maji ya kisima yaliyojazwa miaka nenda rudi huacha magadi yanayoziba njia. Ukianza kupanda Mahenge na mzigo, maji yanachemka. Kwenye injini nyingi hedi ni ya aluminiamu na bloku ni ya chuma cha kalibu. Aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho, kwa hiyo hedi hupinda na gasketi huungua.

Hapa nionye jambo moja. Gari likichemsha, wengi huing'oa temostati ili "maji yatembee". Kwenye injini nyingi za Toyota temostati ndiyo pia inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji hurudi ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na ugonjwa unazidi.

Wa tatu ni mafuriko. Mto Lumemo unapofurika, madereva huthubutu kupita kwenye maji yanayofika kwenye bampa. Injini ikivuta maji badala ya hewa, pistoni inapanda na kukuta kitu kisichokubali kubanwa. Konrodi inapinda. Injini inaweza kukaushwa, ikawaka, mwenye gari akamshukuru Mungu, halafu ikagonga wiki tatu baadaye. Ndiyo maana fundi mzuri hukuuliza: "Gari hili limepita kwenye maji lini?" Usimfiche.

Pima ndipo uhukumu

Moshi ni shahidi wa kwanza, ila husema nusu ya habari. Moshi mweusi mara nyingi ni hewa iliyopungua au noseli mbovu, na si sababu ya kuihukumu injini kifo. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokatika hata injini ikishapata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, unaelekeza kwenye gasketi au hedi.

Shahidi wa pili ni oili yenyewe. Ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Mwambie fundi aikate filta ya oili mbele yako na kuikunjua karatasi yake. Ukiona vipande vinavyong'aa, beringi za krenki zinakwisha.

Shahidi wa tatu, ambaye wengi hawamwiti, ni geji ya kompresheni. Chukua mfano wa Toyota 3L ya dizeli, iliyo kwenye Hiace na Hilux nyingi za zamani. Kiwango cha kiwanda ni psi 455, mpaka wa chini ni psi 284, na silinda zisipishane kwa zaidi ya psi 71. Zote nne zikisoma 300 zinazolingana, injini imechakaa lakini bado inakupa muda wa kujipanga. Tatu zikisoma 400 na moja 150, ugonjwa uko sehemu moja: valvu, gasketi au konrodi iliyopinda, na huenda ukatibika bila kuigusa injini nzima. Geji iwe ya dizeli, maana ya petroli haihimili shinikizo hilo.

Vipimo hivi vinachukua saa chache. Fundi anayekataa kupima na kukuambia sikio lake linatosha anakuomba ulipie kisio lake.

Njia tatu

Njia ya kwanza ni kutengeneza palipoharibika. Kama ni gasketi, hedi ipelekwe kwa mchonga vyuma ipimwe kama imenyooka na kama haina ufa, isawazishwe, ifungwe kwa gasketi mpya. Kuweka gasketi mpya kwenye hedi iliyopinda ni kununua safari mbili tatu tu.

Njia ya pili ni kuisuka injini upya. Silinda hupimwa, huchongwa, na kuwekewa pistoni kubwa zaidi kidogo, mara nyingi kwa milimita 0.50. Krenki husagwa na kupewa beringi zinazolingana nayo. Kazi hii ikifanywa vizuri huirudishia injini miaka mingi, na wewe unajua kila kilichomo. Inaharibiwa na mambo mawili. La kwanza ni ubahili wa kubadili ringi peke yake kwenye silinda iliyokwisha liwa, ambapo moshi hurudi baada ya miezi michache. La pili ni kuifungia injini nje kwenye upepo, vumbi likitua juu ya vyuma vilivyopakwa oili. Dai chumba kilichofungwa, hata kama ni stoo. Injini ikishawaka, isibebeshwe mzigo mzito kwa kilomita 1,000 za mwanzo, na oili ya kwanza imwagwe mapema.

Njia ya tatu ni injini ya mtumba kutoka Japani, ambayo wengi huitafuta Gerezani, Kariakoo. Ina faida ya haraka: gari linaweza kurudi barabarani baada ya siku chache. Lakini unanunua historia usiyoijua, zaidi ya kilomita 400 kutoka nyumbani. Usitume fedha kwa picha. Mtume fundi wako aende na geji, afungue kifuniko cha juu aone kama kuna masizi mazito, aizungushe krenki kwa mkono. Ikiwa ni injini ya umeme, nyaya zake na kontroli boksi yake vije pamoja nayo, vinginevyo utahangaika na taa ya chek injini hadi mavuno yajayo. Masharti ya kuirudisha yaandikwe.

Tena, namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadili injini, dai risiti na upeleke taarifa TRA ili kadi irekebishwe. Asiyefanya hivyo hujikuta matatani siku ya kuuza au siku ya ukaguzi.

Hesabu

Tuseme pikapu yako ikiwa nzima inauzika kwa milioni 15, na ikiwa hivi ilivyo, injini imekufa, inauzika kwa milioni 6. Tofauti ya milioni 9 ndiyo dari yako. Ndani yake viingie vyote: injini au spea, ufundi, oili, usafiri, rejeta iliyosababisha balaa, na siku ambazo gari halitafanya kazi. Ukiipita dari, sababu ya kutengeneza iwe kubwa kuliko mazoea.

Na kabla ya hesabu hiyo, lala chini ya gari na nyundo ndogo. Tope la bondeni hukaa ndani ya chasisi na kuila polepole. Chasisi ikilia kama debe badala ya kengele, hakuna injini itakayoliokoa gari hilo. Kama ni imara, usikimbilie kuuza: gari jingine kutoka nje hubeba ushuru wa forodha wa 25%, VAT ya 18%, na likizidi umri hutozwa pia ushuru wa uchakavu. La mtu mwingine hapa hapa lina maradhi ambayo bado huyajui.

Lipo pia swali la kazi. Reli ya TAZARA ilipoanza katika miaka ya 1970, vichwa vyake vya dizeli vya Kichina vilielemewa na mwinuko kati ya Mlimba na Makambako. Miaka ya 1980 vililetwa vichwa vya U30C, vya muundo wa General Electric, vilivyoundwa Ujerumani na Krupp, vyenye nguvu zaidi. Mlima haukupungua, basi ilibidi nguvu iongezwe. Kadhalika, kama injini yako ndogo imekufa mara mbili kwa kubebeshwa tani zisizo zake, kuisuka mara ya tatu hakutaibadilisha kazi unayoipa. Punguza magunia au tafuta gari la kiasi chake.

Kwa hiyo fundi akikuambia injini imekwisha, mwambie: "Sawa, fundi. Nionyeshe geji, nikatie filta, halafu tufungue ea klina na rejeta tuone." Ikiwa ndani ya mpira wa hewa, upande wa pili wa kichujio, kidole chako kitatoka na vumbi, umeshampata muuaji. Mpira huo na klipu zake ndivyo vitu vya kwanza kununua, kabla ya injini yoyote.