Leseni ya Biashara Si Ruhusa ya Kugeuza Nyumba

Ugomvi wa majirani juu ya biashara za nyumbani huanza karibu kila mara kwa namna ile ile. Mwenye nyumba anafungua chekechea, saluni, gereji au ukumbi wa ibada. Majirani wananung'unika, kisha mmoja anajikaza kwenda kumwuliza kibali kiko wapi. Anaonyeshwa karatasi yenye muhuri wa kaunti, na hapo maneno yanaisha. Majirani wanarudi makwao wakijua wameshindwa, mwenye nyumba naye analala akijua ameshinda. Wote wamekosea, kwa sababu karatasi ile ni leseni ya biashara tu.

Leseni ya biashara huonyesha kwamba umelipa ada na kaunti inakutambua kama mfanyabiashara. Haigusi kabisa swali la iwapo nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia inaweza kuwa kitu kingine. Swali hilo nchini Kenya hujibiwa na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Chini ya sheria hiyo, uendelezaji hauishii kwenye mawe na saruji. Ukibadilisha matumizi ya jengo kwa kiasi kikubwa, hata bila kuongeza tofali moja, umefanya uendelezaji, nawe unahitaji idhini ya kaunti. Anayeendelea bila idhini anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, kufungwa hadi miezi 2, au kupewa adhabu zote mbili.

Kinachogombaniwa, basi, ni kiasi. Mwalimu anayefundisha watoto watatu jioni kwenye meza ya chakula hajageuza nyumba. Fundi mwenye cherehani moja sebuleni hajaigeuza pia. Lakini wakija watoto arobaini kila asubuhi, pamoja na magari yanayowaleta, walezi wa kuwatunza na chakula kinachopikwa kwa masufuria makubwa, nyumba imebaki nyumba kwa sura tu. Watu wengi hutazama kelele na magari, kwa kuwa ndiyo yanayoonekana. Sisi wa mipango miji hutazama kwanza maji taka. Tangi lililochimbwa kwa ajili ya familia ya watu sita haliongezeki ukubwa kwa sababu biashara imeshamiri. Hujaa, hufurika, na uchafu wake huteremka kwa jirani wa chini, ambaye pengine hajui hata kwamba kuna shule hapo juu.

Tatizo la pili ni kwamba ruhusa hujumlika. Buruburu, Nairobi, ilijengwa kuanzia miaka ya 1970 kama mtaa wa familia, nyumba zikipangwa kwa uangalifu kuzunguka viwanja na njia za ndani. Leo pita barabara ya Mumias South uone: maduka, baa na ofisi zimesogea mbele ya nyumba zile zile. Hakuna siku moja ambayo mtu alikaa akaamua mtaa ule ubadilike hivyo. Ulibadilika ploti kwa ploti, na kila mwenye ploti alikuwa na hoja kwamba jirani yake alishatangulia. Kwa sababu hiyo ombi moja dogo linastahili kuzingatiwa kwa uzito zaidi kuliko linavyoonekana.

Sasa nije kwenye jambo ambalo majirani hulipoteza mara nyingi zaidi: muda. Sheria inamtaka anayeomba idhini autangazie umma anachokusudia kufanya, na tangazo hilo liwaalike watu kutoa pingamizi kwa waziri wa kaunti anayehusika. Desturi iliyozoeleka ni tangazo gazetini na bango kwenye ploti. Bango hilo ndiyo nafasi yenu. Mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, sheria inahesabu kwamba amekubaliwa. Uamuzi ukishatolewa, mwombaji au mtu mwingine yeyote mwenye maslahi ana siku 14 za kukata rufaa kwenye Kamati ya Uhusiano ya Mipango ya Ardhi ya kaunti. Baada ya hapo ndipo mtu huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Wanaoruka kamati na kukimbilia mahakamani mara nyingi huona kesi zao zikitupwa kabla hoja zao hazijasikizwa, na gharama ya wakili haiwarudii.

Pingamizi lenye nguvu haliandikwi kwa hasira. Saini mia moja chini ya sentensi ya "hatutaki" zina uzito mdogo kuliko ukurasa mmoja wenye mambo yanayoweza kukaguliwa: magari mangapi huegeshwa barabarani na saa ngapi, maji taka yanaelekea wapi, kelele ina kiasi gani. Kanuni za kelele za 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 50 nje ya nyumba katika maeneo ya makazi mchana, na 35 kuanzia saa mbili usiku. Ofisi ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, inaweza kuombwa ije ipime. Tazameni pia hati ya ardhi. Ploti nyingi za Nairobi ni za kukodishwa, na masharti yake mara nyingi husema wazi kwamba ni za makazi pekee. Katiba ya 2010 nayo, katika ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 inamwezesha kuidai mahakamani bila kuthibitisha kwamba ameshapata hasara au kuumia.

Hata hivyo, nasimama kinyume na majirani wanaotaka kila kitu kifungwe. Chekechea ya mtaani inamwezesha mama kwenda kazini. Saluni ya nyumbani inasomesha watoto. Kaunti ina uwezo wa kukubali kwa masharti, na kwa maoni yangu huo ndio uwezo bora kuliko yote iliyo nayo. Watoto wasizidi idadi fulani. Magari yashushe watoto ndani ya ua. Kipaza sauti kisitumike. Tangi lipanuliwe kabla ya mlango kufunguliwa. Masharti ya aina hiyo humwachia mtu riziki yake na kumwachia jirani usingizi wake, mradi kaunti itume mtu wa kuyakagua.

Linaloniudhi ni jinsi nafasi ya kusikizwa ilivyogawanywa bila usawa. Karen na Lang'ata wana chama cha wakazi chenye miongo mingi ya uzoefu wa kusoma matangazo na kuajiri mawakili. Mpangaji wa Kayole au Umoja hanunui gazeti la Kiingereza ili ajue kama ghorofa ya chini itageuzwa baa. Kaunti zibandike matangazo haya kwa Kiswahili langoni pa ploti yenyewe, ofisini kwa chifu, kanisani na msikitini, na kuyatuma kwenye makundi ya simu ya wakazi. Nawe msomaji, ukiona bango kwenye ukuta wa jirani, lisome siku hiyo hiyo, uandike tarehe yake, kisha ubishe hodi kwake umwulize anapanga nini.