Disjonkteri ya Jiko la Umeme: Kubwa Si Dawa



Siku ya Mungu moja sisi watatu wa darasa la sita tulialikwa kula katika nyumba moja karibu na shule. Tulipokuwa tunangoja chakula, harufu ikaingia. Tulifikiri mchuzi umeungua. Kumbe ni ukuta! Plastiki ya waya ilikuwa inayeyuka nyuma ya jiko, na rangi ya ukuta imekuwa nyeusi. Baba wa nyumba akakimbia kukata kuran kwenye kontere. Mbele ya hapo, disjonkteri ya jiko haikuruka hata kidogo.

Kwa nini haikuruka? Mama alitueleza. Walinunua jiko lenye sahani 4 na tanuru, wakalifunga kwenye waya ya zamani ya prizi yenye disjonkteri ya ampere 20. Siku za kazi hakuna neno, lakini siku ya Mungu, sahani zote zikiwaka pamoja na tanuru, ilikuwa inaruka nusu ya kupika. Wakaita fundi. Mama akamwambia: “Papa, hii kitu inatusumbua.” Fundi akajibu: “Haiko neno, mama, nitatia ya makumi ine.” Akatia ya 40, akalipwa, akaenda. Waya aliiacha ile ile.

Hapo ndipo kosa lilipo, na wengi wanalifanya. Watu wanafikiri disjonkteri inalinda jiko. Hapana. Kwanza kabisa inalinda waya iliyo ndani ya ukuta. Waya nyembamba ikipitisha kuran nyingi inapata moto, na wewe hauoni kitu. Disjonkteri ndiyo mlinzi anayekata mbele ya waya kuungua. Ukitia mlinzi mkubwa kupita waya, atalala.

Tufanye hesabu, si ngumu. Nyuma ya jiko, ao karibu na mlango wa tanuru, kuna kibao kidogo chenye kuandikwa wati. Gawanya zile wati kwa volti 220, ndiyo kuran ya nyumba zetu. Jiko la wale rafiki zetu ni la wati 7000. 7000 kugawanya kwa 220 ni karibu ampere 32. Sahani moja ya wati 1500 inavuta karibu 7 tu, njo maana maharagwe ya siku za kazi hayakuleta taabu.

Ndani ya disjonkteri mna vitu viwili. Kuna kibati cha madini mawili yaliyoshikana, kinachojipinda polepole kikipata moto. Na kuna koili inayokata mara moja nyaya zikigusana. Kile kibati hakina haraka. Disjonkteri ya nyumbani ikipitisha mara 1.45 ya namba yake, inapaswa kukata ndani ya saa moja. Kwa ile ya 20, ni ampere 29. Jiko lilivuta 32, basi ilikata, na ilikuwa na haki! Lakini kwa ile ya 40, ampere 32 si kitu. Ingekaa hivyo mpaka asubuhi, na waya ya milimeta mraba 2.5 ikiungua.

Basi utaratibu ni huu: jua kwanza ampere za jiko, kiisha chagua waya, na disjonkteri iwe ya mwisho. Isiwe chini ya zile jiko linazovuta, wala isipite zile waya inazoweza kubeba. Kwa jiko kama lile, waya ya shaba ya milimeta mraba 6 na disjonkteri ya 32, katika njia yake peke yake toka kwenye tablo, bila pasi wala friji juu yake. (Angalia sokoni: 6 si upana wa waya. Shaba ya 6 iliyo uzi mmoja ina upana wa karibu milimeta 2.8. Kuna wauzaji wanaotoa nyembamba.) Tazama tena disjonkteri kubwa ya kontere, kama yenyewe ni ya 30, ile ya 32 chini yake haitakusaidia.

Wengine wanauliza: kuran ikiwa dhaifu jioni, jiko halitavuta zaidi? Hapana, jiko la sahani linavuta kidogo. Kwa volti 180, lile la wati 7000 linavuta karibu 26 tu. Ni chakula kinachochelewa.

Kwa kulinda mtu asipigwe na kuran, hiyo ni kazi ya kifaa kingine, diferansieli ya miliampere 30, pamoja na waya ya udongo. Hata disjonkteri nzuri ya 32 haitakuokoa ukigusa jiko lenye kuvuja.

Ile nyumba sasa ina waya ya 6. Fundi mwingine alipasua ukuta siku nzima, na bei ya waya ilimuumiza baba. Ile ya 40 aliiweka mezani mwa sebule, na kila fundi anayeingia anaonyeshwa kwanza.