Sumu Inayokamilishwa na Mwili

Malathioni iliyo kwenye kopo ni sumu ambayo haijaiva. Kemikali hii ya kundi la oganofosfeti inajulikana kwa kukishambulia kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuiondoa asetilikolini, yaani kemikali inayopeleka ujumbe kutoka neva moja hadi nyingine au kutoka neva hadi msuli. Kimeng'enya hicho kikizuiwa, ujumbe haukomi: misuli hutetemeka, mate na jasho humiminika, na hatimaye pumzi hukata. Lakini malathioni yenyewe hukizuia kidogo sana. Inayofanya kazi hiyo ni malaoksoni, nayo huzaliwa mwilini pale vimeng'enya vya kundi la sitokromu P450 vinapoing'oa atomu ya salfa iliyoshikana na fosforasi na kuweka oksijeni mahali pake. Atomu moja ikibadilishwa, ukali hupanda mno. Mdudu, kwa maneno mengine, huitengeneza mwenyewe sumu inayomuua. Kwa hiyo anayeuliza dawa fulani ina nguvu kiasi gani ameuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni ndani ya mwili wa nani.

Binadamu naye ana P450 tele kwenye ini, na malaoksoni huitengeneza vilevile. Kinachomwokoa ni kimeng'enya kingine, kaboksilesterasi, ambacho huiwahi malathioni na kuikata iwe asidi inayoyeyuka majini na kutoka na mkojo. Wadudu wengi hawana kinga hiyo kwa kiwango chetu. Ushahidi mchungu wa jambo hili ulitoka Pakistan mwaka 1976, katika kampeni ya kupulizia nyumba ili kudhibiti malaria. Kati ya wafanyakazi wapatao 7,500, takriban 2,800 walipata dalili za sumu, na watano wakafa. Uchunguzi uliikuta isomalathioni ndani ya unga uliotumika, uchafu unaojitokeza malathioni inapoharibika, hasa ikihifadhiwa kwenye joto. Isomalathioni huilemaza kaboksilesterasi. Mtu anaweza kusema kwamba kosa lilikuwa uzembe, kwani wapuliziaji waliachia dawa iwaguse ngozi kupita kiasi. Ni kweli, na wachunguzi walilisema hilo. Hata hivyo, madhara yalikuwa makubwa zaidi kwa unga uliokuwa na isomalathioni nyingi zaidi. Mwingine atasema isomalathioni nayo ni sumu, na hilo halina ubishi. Ila majaribio kwa panya yalionyesha kwamba kiasi chake kidogo tu huikoleza malathioni iliyochanganyika nayo.

Pingamizi zito zaidi ni la kale: kipimo ndicho kinachofanya kitu kiwe sumu. Silikatai, ila inabidi kuuliza ni kipimo kipi, kilichoingia mwilini au kilichofika kwenye neva? Kati ya hivyo viwili pana vimeng'enya, na havilingani kwa watu wote. Paraoksonasi, kimeng'enya cha kwenye damu kinachovunja aina kali za diazinoni na klopirifosi, huwa kidogo sana kwa mtoto mchanga, na hata kwa watu wazima kiwango chake hutofautiana sana kwa sababu za urithi. Kipimo kilekile kwa uzito uleule hakimaanishi hatari ileile.

Kwa mbu, hesabu hizi zimegeuka suala la sera. Pirethroidi, zilizoundwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto, ndizo zilizobeba vyandarua vyetu kwa miongo kadhaa, na tofauti na malathioni, huingia mwilini zikiwa tayari kali. Hapa P450 ni ngao: mbu sugu huvizalisha vimeng'enya hivi kwa wingi na kuivunja dawa kabla haijafika kwenye neva. Ndiyo maana viwanda viliongeza kwenye vyandarua piperonili butoksidi, kemikali inayovizuia vimeng'enya hivyo. Jaribio la Muleba, mkoani Kagera, lilionyesha kwamba vyandarua hivyo hupunguza malaria zaidi kuliko vya kawaida, na Shirika la Afya Duniani likavipendekeza mwaka 2017. Si usugu wote unaotokana na vimeng'enya. Baadhi ya mbu wamebadilika pale pale dawa inapojishika kwenye neva. Lakini kama vimeng'enya visingekuwa na uzito, kuvizuia kusingeleta tofauti yoyote huko Muleba.

Klofenapiri, dawa nyingine inayowekwa kwenye vyandarua, imeufuata mkondo wa malathioni. Haiumi hadi P450 ya mbu iigeuze kuwa tralopirili, ambayo huvuruga utengenezaji wa nishati ndani ya seli, hivyo mbu aliyejijazia vimeng'enya dhidi ya pirethroidi anaweza kuwa ndiye anayeiwasha haraka zaidi. Katika jaribio la vyandarua huko Misungwi, mkoani Mwanza, baada ya miaka miwili, asilimia 45.8 ya watoto waliopimwa kwenye maeneo ya vyandarua vya pirethroidi pekee walikuwa na vimelea vya malaria. Kwenye maeneo ya vyandarua vyenye pirethroidi pamoja na klofenapiri walikuwa asilimia 25.6. Msomaji atauliza kwa nini basi tusiweke klofenapiri na piperonili butoksidi kwenye chandarua kimoja. Kwa sababu piperonili butoksidi inamzuia fundi ambaye klofenapiri inamtegemea. Namna ya kupima dawa nayo imebidi ibadilike, kwani jaribio lililozoeleka, la kuwaweka mbu kwenye dawa kwa saa moja na kuhesabu waliokufa baada ya saa 24, linafaa kwa sumu iliyo tayari. Mbu waliogusa klofenapiri huangaliwa hadi saa 72, na anayewapima mchana, wakati miili yao imepumzika, anaweza kuiona dawa dhaifu kuliko ilivyo usiku, saa ambazo mbu hukizunguka chandarua.